Maandalizi ya JKT yaanze nyumbani

Kila mwaka, vijana wa kidato cha sita wanapofikia mwisho wa masomo yao, Jeshi la Kujenga Taifa hutangaza majina ya wale wanaotakiwa kuripoti makambini kwa mujibu wa sheria, pamoja na orodha ya vitu wanavyopaswa kwenda navyo. Orodha hiyo haina mzaha. Bukta iwe ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni na mfuko mmoja nyuma, nayo ifike magotini. Raba ziwe za kijani au za bluu, shuka ziwe mbili, soksi ziwe ndefu na nyeusi. Mzazi wa Kilwa Kisiwani huvuka maji kwenda Masoko kuvitafuta vitu hivyo, akarudi ameridhika kwamba mwanawe yuko tayari. Kiuno kitakachovaa bukta hiyo hakuna anayekiuliza habari zake.

Kijana aliyekaa darasani miaka miwili, asubuhi akinywa chai ya sukari nyingi kwa chapati, mchana akila mihogo ya kukaanga, usiku wali wa nazi, na akapanda bodaboda hata pale ambapo babu yake angekwenda kwa miguu, hawezi kuamka alfajiri moja akakimbia na kikosi kizima pasipo kuumia. Si kwamba hana uzalendo. Vijana wengi wa namna hiyo hawaogopi bunduki wala jembe, wanaogopa kuchekwa. Na hofu hiyo ikiachwa ikue, kijana mwenye afya yake huanza kutafuta ugonjwa wa kusingizia.

Tangu Jeshi la Kujenga Taifa lilipoanzishwa tarehe 10 Julai 1963, suala la mwili halikuwa dogo. Baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, ni vijana wenye malezi ya Chama na ya JKT waliotegemewa kuunda Jeshi la Wananchi, lililozaliwa tarehe 1 Septemba mwaka huo. Miaka 15 baadaye, katika vita dhidi ya Idi Amin, wapiganaji wa Tanzania, wakiwemo wanamgambo na vijana wa JKT, walisonga kutoka Mutukula hadi Kampala, iliyotekwa tarehe 11 Aprili 1979, na sehemu kubwa ya safari hiyo waliikata kwa miguu. Magari yalikuwepo, lakini vita ile haikushindwa kwa kukaa garini.

Mafunzo hayo ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994 yakarejeshwa mwaka 2013. Watu husahau maana ya pengo hilo. Kwa miaka 19 wasomi waliingia ualimu na utumishi wa serikali bila kupita kambini, na ndio leo walio walimu wa zamu, maafisa elimu na watendaji wa kata. Mwanafunzi akiwauliza kambini kukoje, wengi wao hawana la kumweleza ila hadithi za kusikia, na hadithi za kusikia ama hutisha kupita kiasi ama huchekesha.

Katika pwani ya Lindi ipo pia kazi ya kupambana na mawazo. Hapa mtu akinenepa husifiwa kuwa amenawiri, na akipungua huulizwa kwa sauti ya huruma ana nini. Tena tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wembamba wa ghafla umebeba tuhuma ambayo haijafutika mitaani. Kijana anayejitahidi kupunguza mwili kwa hiyo hupigana mara mbili: kwanza na sahani, kisha na majirani. Akikatishwa tamaa, mara nyingi si njaa iliyomshinda bali shangazi aliyesimama mlangoni na bakuli la ubwabwa, akiapa kwamba mtoto anakonda.

Wapo na wanaodhani kitambi ni dalili ya unyonyaji, kama katuni za zamani zilivyomchora bepari. Lakini mafuta ya kupikia, sukari na unga mweupe havikumnenepesha bepari peke yake. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Kumdhihaki mtoto wa mvuvi kwa unene wake ni kukosea adui. (Na afisa anayehutubia vijana juu ya mazoezi huku vifungo vya shati lake vikilalamika, ni heri angeanza naye.)

Njia za mkato ni za kuonywa mapema. Mara tangazo linapotoka, wako wanaojinyima chakula kutwa nzima, wanaokunywa dawa za kuharisha, na wanaokimbia saa saba mchana wamevaa koti zito ili watoke jasho. Jasho hilo ni maji, si mafuta; hurudi kwa mtungi wa kwanza. Mbaya zaidi, mtu mnene asiyezoea kazi nzito ndiye yuko katika hatari kubwa ya kuzidiwa na joto, na mwili huhitaji kama wiki mbili kuzoea kazi juani. Aingiaye kambini ana njaa na kiu huingia dhaifu kuliko alivyokuwa.

Upungufu wa uzito unaodumu ni wa nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwa chakula kilichopunguzwa wala si kilichokatazwa. Soda na maandazi viondoke kwanza. Samaki, maharage na mboga vibaki. Sasa na wahesabu walimu. Kidato cha sita hufanya mtihani mwezi Mei, na mwito wa JKT hufuata mara. Anayengoja tangazo ana wiki chache tu. Anayeanza likizo ya Desemba, anaporudi kisiwani, ana wiki 20 na zaidi, na kwa nusu kilo tu kila wiki atakuwa amepunguza kilo 10 bila kuteseka. Mwenye pumu, shinikizo la damu au maumivu ya kifua apite zahanati kwanza.

Kuhusu mazoezi, Kisiwani hakukosi uwanja. Ipo njia ya kutoka Gereza kwenda Husuni Kubwa, na maji yakipwa upo mchanga mgumu. Wiki za mwanzo iwe kutembea nusu saa kwa siku tano, baadaye kukimbia na kutembea kwa zamu, baada ya sala ya alfajiri au jua likipungua alasiri. Anayekimbia peke yake huacha siku ya nne. Hapo ndipo mchakamchaka wa shule unapofaa, na si kwa sababu ya kumbukumbu za wazee. Kikundi kinachokimbia kikiimba hakiwezi kuzidisha mwendo, kwa kuwa aliyezidisha hawezi kuimba. Wimbo wenyewe ndio kipimo, na aliye nyuma husikika akikosekana kwenye kiitikio.

Wasichana wasisahauliwe, maana mwito huwahusu sawa na wavulana. Binti akikimbia peke yake barabarani hupata maneno ya kila aina. Akiwa katika kundi la wenzake, wamevaa suruali ndefu na ushungi, na mwalimu wa kike yuko mbele yao, maneno hayo hupungua, na mama aliyekuwa akipinga hutoka kutazama.

Kazi hiyo haihitaji fungu jipya. Mtendaji anayejua vijana wangapi wa kata yake wako kidato cha sita anaweza kuwakusanya wiki ya kwanza ya likizo ya Desemba, akawatafutia mwalimu mmoja aliyewahi kupita kambini, na akazungumza na wazazi wao, hasa juu ya lile bakuli la ubwabwa.