Simu inahesabu hatua, nusu saa anaitoa nani?

Mzazi mwenzangu, programu za kufuatilia afya zimejaa kwenye simu zetu. Mwingine anaiweka baada ya kujifungua, akitaka nguo zake za zamani zimkae tena. Mwingine kaambiwa na daktari presha imepanda. Mwingine ni baba ambaye kitambi kimeanza kumtangulia mlangoni. Nia ni njema. Tatizo linaanza pale namba za kwenye simu zinapofanywa hakimu wa nyumba.

Yako malalamiko ambayo akina mama wengi watayatambua. Mama ameamka saa kumi na moja alfajiri, ameandaa watoto wa shule, amefua, amepiga deki, amebeba ndoo za maji, na mchana kutwa mtoto yuko mgongoni. Jioni mume anachungulia simu ya mkewe na kusema, "Hatua 1,900 tu? Kumbe leo ulikuwa umekaa." Labda alikusudia utani. Lakini kwa mtu ambaye kiuno kinamuuma, utani huo ni tusi.

Simu ina kifaa kidogo ndani yake kinachohisi mtikisiko, na kutokana na mtikisiko huo inakisia kwamba umepiga hatua. Ikiwa iko kwenye chaji juu ya kabati wakati wewe unafua, kwake hujafanya kitu. Hata ikiwa mfukoni, haijui kama umebeba ndoo ya lita 20 au mikono mitupu. Saa ya mkononi nayo ina vituko vyake: unaweza kusonga ugali umesimama pale pale ikakuhesabia hatua. Kwa hiyo namba ile ni makisio. Inafaa kulinganisha wiki yako hii na wiki yako iliyopita, haifai kupima nani kachoka zaidi kati ya mke na mume.

Halafu kuna ile 10,000 ambayo programu nyingi zimeiweka kama lengo. Ilianza kama jina la bidhaa. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japan ilitoa kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina likapendwa, likasambaa dunia nzima. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na I-Min Lee wa Harvard, uliochapishwa 2019, ulifuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea kama 2,700, na faida iliacha kuongezeka kwenye kama 7,500. Wale walikuwa bibi zetu kwa umri, kwa hiyo usiichukue 7,500 kuwa amri mpya kwa kila mtu. Funzo ni kwamba nyongeza ndogo kwa mtu anayetembea kidogo ina maana kubwa, na kukosa 10,000 si kufeli.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, halihesabu hatua. Linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya nguvu ya kati, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kazi za nyumbani nazo zimo, ilimradi zinapandisha pumzi. Kipimo rahisi: unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba. Tena si lazima nusu saa iwe ya mfululizo. Dakika 10 asubuhi na 20 jioni zinatosha. Kushuka daladala kituo kimoja kabla ya nyumbani kunahesabika.

Hapa ndipo lilipo suala lenyewe. Programu ipo, bando lipo, nia ipo. Kinachokosekana kwa mama wengi ni nusu saa ambayo hakuna anayemwita. Baba, kama kweli unataka mkeo arudishe mwili, acha kuchungulia hatua zake. Mpokee mtoto saa kumi na mbili jioni, yeye avae raba atoke. Siku ya pili wewe toka, yeye abaki. Au tokeni wote na watoto, maana mtoto wa miaka 5 hadi 17 naye anahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamka kila siku.

Ukishapata muda, tumia programu hivi. Wiki ya kwanza usibadilishe kitu, tembea na simu mfukoni uone wastani wako. Wiki ya pili ongeza hatua 500 au 1,000 kwa siku. Ukizizoea, ongeza tena. Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa sababu uzito hupanda na kushuka kwa maji, chumvi na hata siku za hedhi. Zima zile arifa za kukukaripia.

Kwenye chakula uwe mwangalifu zaidi. Programu inaweza isijue makande yako yana mafuta kiasi gani, hivyo usikeshe ukihesabu kalori. Andika vitu vichache unavyoviona wazi: soda ngapi, maandazi mangapi, vijiko vingapi vya sukari kwenye chai. Mama anayenyonyesha asikubali lengo la kula kidogo ambalo simu imempangia, mwili wake unahitaji chakula zaidi ya kawaida ili kutengeneza maziwa. Aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya kliniki kabla ya mazoezi ya tumbo. Na anayetumia dawa za sukari asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wake, sukari inaweza kushuka ghafla.

Mwisho, kumbuka nani anakusikiliza. Binti wa miaka tisa anayemsikia mama yake kila asubuhi akijiita bonge mbele ya kioo naye ataanza kujikagua. Sema mbele yake kwamba unatembea ili upande ngazi bila kuhema, ulale vizuri, presha ishuke. Hayo atayaelewa, na hayatamfanya auchukie mwili wake.

Leo, kabla ya kulala, kaeni wawili muangalie wiki inayokuja. Pangeni nusu saa ya nani iko siku gani na mtoto atakuwa na nani. Kama unalea peke yako, mwombe dada, shangazi au jirani unayemwamini, nawe umpokelee wake siku nyingine. Simu itahesabu hatua zenyewe.