Ukiwa na Haraka, Hutauona Mekong

Acha niseme mapema ndio tusisumbuane baadaye: siku 4, miji 5 na picha 300 si kutembea. Hiyo ni kukusanya risiti. Unarudi nyumbani na ushahidi kwamba ulifika, lakini mtu akikuuliza watu wa kule wanaishi aje, unafungua simu kutafuta jibu.

Na sisemi hivi kwa sababu nachukia kamera. Mimi mwenyewe nakula kupitia video. Lakini nimetoka kumaliza siku 12 juu ya baiskeli, peke yangu, nikifuata mto Mekong kaskazini mashariki mwa Thailand, eneo linaloitwa Isan. Nilianzia Chiang Khan, nikapita Nong Khai, Bueng Kan na Nakhon Phanom, nikamalizia That Phanom. Ni kama kilomita 550 hivi. Mtu mwenye gari anazimaliza kwa siku moja na bado anapata muda wa kulala mchana. Hapo ndipo hoja yangu iko: mwendo unaosafiri nao ndio unaamua utaona nini.

Chukua Si Chiang Mai. Ni mji mdogo sana. Ukisimama kando ya mto unaona Vientiane, mji mkuu wa Laos, pale ng'ambo. Watu wa hapo wanatengeneza zile karatasi nyembamba za mchele za kufungia chakula, halafu wanazianika juani kwenye chanja za mianzi. Ukiwa ndani ya basi, hizo ni vitu vyeupe vilivyopita dirishani. Ukiwa kwa baiskeli, unasimama. Unaona mama akimwaga uji wa mchele juu ya kitambaa chenye mvuke, anafunika kidogo, anauinua ukiwa umeshakuwa karatasi. Nilikaa hapo karibu saa nzima. Hakuna aliyeniuzia kitu, hakuna aliyenifukuza.

Au chukua asubuhi za Chiang Khan. Watalii wanaamka kabla jua halijatoka kuwapa watawa wali, kila mtu na simu yake juu, na sadaka yenyewe unainunua ikiwa imeshapangwa kwa sinia. Sina ubaya na hiyo. Lakini kesho yake, kijiji ambacho hata sikushika jina, nilipita shosho watatu wamepiga magoti kando ya barabara na vikapu vyao vya wali, watawa wanapita, kimya, hakuna kamera hata moja. Hata yangu ilibaki mfukoni. Kama ningekuwa nawahi hoteli ya mji unaofuata, ningewapita tu.

Halafu kuna hii ya kuwa peke yako. Watu wengi wanaogopa, wanadhani utakufa na upweke. Manze, shida yangu ilikuwa kinyume! Kila kona mtu anakuuliza "Pai nai?" Maana yake ni "unaenda wapi?" na si polisi, ni salamu tu. Ni kama vile shosho wa ushago hawezi kukuacha upite bila kujua umetoka kwa nani. Mkiwa watu sita mnaongea wenyewe kwa wenyewe, nani atawauliza? Ukiwa mmoja, umechoka, umejaa vumbi, unavutiwa kiti. Unaletewa khao niao, ule wali wa kunata, ndani ya kikapu kidogo. Unafinyanga tonge kwa vidole unachovya. Mtu aliyelelewa na ugali hafundishwi hiyo, na meza nzima ikiona umejua, urafiki umeanza.

Sasa tufike kwa kitu kilichonifanya niandike.

Mekong kwa kawaida una rangi ya udongo. Mwishoni mwa 2019, maji ya upande wa Nakhon Phanom yaligeuka buluu, safi kama ya bahari. Picha zake zilipendeza ajabu. Ungekuwa mbio, ungepiga yako, uandike "paradiso", uende. Lakini ule ubuluu ulikuwa ugonjwa. Lile tope ndilo linabeba rutuba ya kulisha mimea na samaki. Mwaka huo ukame ulikuwa mkali, na juu zaidi kwenye mto, China na Laos, kuna mabwawa ya umeme yanayoshika tope na kupunguza kasi ya maji. Moja, Xayaburi la Laos, lilianza kuuza umeme Oktoba 2019, na karibu umeme wake wote unanunuliwa na Thailand yenyewe. Taa za mjini zinawaka, mtu wa kijijini analipa na samaki.

Na si samaki tu. Kiangazi maji yakishuka, watu wanalima kwenye kingo za mto: nyanya, pilipili, mboga za majani. Ni shamba ambalo mto wenyewe umeliwekea mbolea. Sasa mabwawa yakifungulia, maji yanaweza kupanda wakati hayatarajiwi na yaondoke na bustani. Kabla ya Bueng Kan nilikaa na mama aliyekuwa akimwagilia nyanya zake. Lugha haikuwepo, lakini alinionyesha kwa mkono mahali maji yalifika, halafu akanionyesha laini zilizobaki. Hiyo haikuwa kwenye orodha ya vitu vya kuona. Niliiona kwa sababu nilikuwa nimesimama kunywa maji.

Najua kile wengine mtasema: baiskeli ni ya watu hawana pesa. Kwetu ukiwa na kazi halafu uonekane na baiskeli, watu wanauliza kama gari limeuzwa. Ilhali hata neno boda boda lilizaliwa na baiskeli, zile zilizokuwa zikivusha watu mpaka wa Busia. Tulisahau haraka sana. Tukaamua kwamba mwenye kufika kwanza ndiye amefaulu, hata akiwa hajui amepita wapi.

Wengine mtasema hiyo ni safari ya matajiri. Ukweli ni kwamba nauli ya ndege inauma, na hapo siwezi kukudanganya. Lakini ukishafika, kila siku unayopunguza mwendo inapunguza gharama. Hulipi ndege za ndani, hulipi ziara za kupangwa, unakula pale wenyeji wanakula. Na magari yanapita kushoto kama yetu, kwa hivyo akili haichanganyikiwi. Ubaya upo pia: jua la saa nane halina huruma, malori yapo, na mbwa wa vijijini wanaamini kila baiskeli imewaibia kitu. Nendeni kati ya Novemba na Februari, kukiwa na baridi kidogo, na muanze kuendesha alfajiri.

Kwa hivyo ukipata siku 10 za Thailand, tafadhali usizigawanye Bangkok, Phuket na Chiang Mai kama mtu anayegawa matatu ya mwisho. Chagua kipande kimoja cha mto. Nong Khai hadi Nakhon Phanom kinatosha kabisa. Lala pale umechokea, kula pale umeitwa. Na siku ukikuta maji ni ya buluu, kabla hujatoa simu, angalia kwanza sura za wenye mto.