Anayeadhibiwa Si Sony

Kuna kauli inayopendwa sana na watu wa programu huria: kifaa kisichofuata kanuni kisisaidiwe, na mtengenezaji akitaka kitumike, akirekebishe mwenyewe. Inasikika kama msimamo. Mimi naiona ni uvivu uliovikwa joho.

Chukua DualShock 3, pedi ya gemu ya PlayStation 3, iliyotoka mwaka 2007. Inatumia Bluetooth, lakini kwa mtindo wa kwao. Huioanishi kama spika. Unaichomeka kwa waya wa USB, kompyuta inaandika anwani yake ndani ya pedi, basi. Baadaye ukibonyeza kitufe cha PS, pedi inaita anwani ile moja kwa moja, hakuna ufunguo wa siri uliokubaliwa wala mawasiliano yaliyofichwa. Mtu wa kanuni akiyaona haya anashika kichwa. Na ashike. Sony ilishaziuza kwa mamilioni, na ilishaacha kuzitengeneza. Linux ikizikataa leo, nani kule Tokyo atakosa usingizi? Atakayeumia ni kijana aliyeipata ya mtumba.

Wanasema kumsaidia mkosaji ni kumpa zawadi. Vipo vidude vya Bluetooth vya bei ya chee vya kuchomeka kwenye USB, vinavyojitambulisha kuwa vina chipu ya CSR, iliyokuwa kampuni ya Uingereza, kumbe ni vya kughushi. Vinadai vinaijua amri ya kufuta funguo zilizohifadhiwa. Ukivipa amri hiyo, vinarudisha kosa. Kerneli ya Linux, ndani ya faili la btusb.c, ina mitego ya kuvinasa. Ikikinasa kimoja, inaandika kwenye taarifa zake kwamba imeona nakala ya CSR isiyo na chapa, kisha inaziruka amri zinazokishinda. Zawadi gani hiyo, ya kuanikwa kwenye msimbo unaosomwa na dunia nzima?

Hoja yao nzito ni usalama, na hiyo siipuuzi. Mwaka 2023 Marc Newlin alifichua kwamba mtu aliye karibu angeweza kujifanya kibodi, akaunganishwa na BlueZ, programu ya Bluetooth ya Linux, bila mwenye kompyuta kuthibitisha, akaanza kuchapa. Kinga, ya kukataa kifaa kisicho na ufunguo wa siri uliokubaliwa, ilikuwepo tangu 2020, ila iliachwa imezimwa ili vifaa vya zamani visikatike. "Unaona sasa?" wanauliza. Naona. Naona mlango ulioachwa wazi kwa kila mpita njia kwa sababu ya wageni wachache, akiwemo DualShock 3 anayejulikana hadi namba yake ya utambulisho, 054c:0268. Pedi hiyo ingeweza kusajiliwa siku ile ile inapochomekwa waya, ikaruhusiwa yenyewe tu, tena kama pedi, isiweze kamwe kujigeuza kibodi. Ni kazi, najua, na wengi wa wanaoifanya hawalipwi. Basi aifanye aliye na pedi mkononi. Siku akikosekana wa kuijaribu, msimbo wake utolewe, sitalalamika.

Lakini tazama kilichotokea kinga ilipowashwa kwa wote bila kuitengea pedi nafasi yake. Pedi zilikatika, na wenye nazo hawakuzitupa. Walifungua faili la input.conf, wakabadili ClassicBondedOnly kutoka true kuwa false, gemu likaendelea. Na kinga ikazimwa tena, kwa kila kifaa.