Kukataa chakula si kumkataa rafiki

Juma hili twataka kusema habari ya tumbo. Twajua si habari ya kusemwa mezani. Walakini hatuna budi kuisema, kwa maana tumeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa sababu ya sahani moja ya maharage.

Twamjua mama mmoja, jirani yetu hapa Kivu, mtu mpole na mpenda kazi. Kwa muda mrefu, kila alipokula karamuni, tumbo lake lilivimba kama ngoma na kumkata, wala usiku hakupata usingizi. Hakumweleza mtu, kwa kuwa aliona haya. Akaanza kukataa chakula: kwanza arusini, halafu matangani, mwisho hata nyumbani kwa rafiki yake wa tangu utoto. Nasi sote twajua neno linalokuja upesi kwetu mtu akikataa chakula cha mwenzake: «Anadhani nimemtilia karuho!» Yule rafiki aliumia moyo, akanyamaza. Wanawake wawili waliokuwa wakiazimana chumvi kila siku hawakusalimiana tena. Sumu haikuwako. Kosa lilikuwa la kimya tu.

Mwishowe mama huyo alikwenda kwa mganga wa hospitali. Wakapima choo, wakapima damu. Hawakuona minyoo wala amiba. Mganga akamwambia kwamba anao ugonjwa wa matumbo mepesi kuudhika. Ugonjwa huo hauui, wala hautoboi matumbo, lakini huwatesa watu wengi duniani. Akamweleza pia njia moja ya kula inayosaidia, nayo ndiyo twataka kuwafahamisha leo.

Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Australia, Peter Gibson na Susan Shepherd, waliandika kwa mara ya kwanza neno FODMAP. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayotaja sukari fulani zilizomo katika vyakula. Sukari hizo utumbo mwembamba hauzinyonyi vema, na nyingine hauzinyonyi kabisa. Zikishuka, huvuta maji. Zikifika katika utumbo mpana, vijidudu vinavyokaa humo huzichachusha, kama vile maji ya ndizi yanavyochachuka katika mtungi wa kasiksi. Hapo hutoka hewa, na tumbo hujaa. Jambo hilo hutupata sote. Hata mtoto wa shule ajua kazi ya maharage. Lakini kwa wengine mishipa ya fahamu ya matumbo husikia upesi mno. Kile ambacho kwa jirani ni kujaa kidogo, kwao ni maumivu ya kweli. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, mjini Melbourne, walitoa habari za wagonjwa 30 waliolishwa siku 21 chakula chenye sukari hizo kidogo, na siku 21 nyingine chakula cha kawaida cha nchi yao. Kwa chakula kile cha kwanza, kuvimba na maumivu vilipungua.

Sasa tuitazame meza yetu. Vyakula vyenye sukari hizo nyingi ni vitunguu, vitunguu saumu, maharage, mkate wa ngano, maziwa mabichi, maembe na asali. Vyakula vya amani kwa matumbo hayo ni wali, ugali wa mahindi au wa mtama, viazi vya kizungu, mayai, nyama, samaki, karoti, karanga, nanasi na papai. Ndizi zina tabia mbili: iliyo ngumu bado, haina neno, iliyoiva sana hadi kuwa na madoa, ina sukari hizo kwa wingi. Tena kipimo ni kitu kikubwa. Vijiko viwili vya maharage huenda visimwudhi mtu ambaye sahani nzima ingemlaza kitandani.

Mwaona basi kwamba chakula cha amani si haba kwetu. Shida yetu ni mchuzi. Ni nani apikaye mchuzi bila kitunguu? Hata sombe mara nyingi hutiwa kitunguu. Na vile vidonge vya kukoleza mchuzi tunavyonunua sokoni, vingi vina unga wa kitunguu na wa saumu ndani yake. Kumwondolea mgonjwa vipande vya kitunguu katika sahani hakumsaidii, kwa maana sukari yake imekwisha kuyeyuka katika maji ya mchuzi. Lakini katika mafuta matupu haiyeyuki. Kwa hiyo mpishi aweza kukaanga punje nzima za saumu katika mafuta, kuzitoa zote, ndipo atie nyama na maji. Harufu nzuri hubaki, maumivu hayabaki. Mafuta hayo yatumiwe siku ile ile, yasiwekwe akiba. Majani mabichi ya kitunguu nayo hufaa, ila kichwa chake kisitiwe. Na maharage yakilowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, yakapikwa kwa maji mengine, hupungua ukali.

Je, mtu wa namna hii akialikwa, afanye nini? Kwanza aseme mapema, wala asingoje mpaka sahani imewekwa mbele yake. Siku mbili tatu kabla ya karamu amwendee mwenye nyumba faraghani, amwambie: «Dada yangu, nitakuja kwa furaha. Tumbo langu lina ugonjwa, mganga amenikataza vitunguu na maharage. Niwekee kipande cha samaki chenye chumvi tu, nami nitashiba.» Maneno hayo machache huziba mlango wa fitina. Kukataa siku ya karamu ni aibu kwa mpishi. Kusema mapema ni kumheshimu. Tena aweza kuja na sahani ya wali au karanga za kukaanga kwa watu wote. Hapo hatakuwa mgeni mwenye mashaka, bali mtu wa nyumbani aliyeleta mkono wake.

Na akienda kula mjini, katika mkahawa au malewa? Afike mapema, kabla ya watu kuwa wengi, wakati mpishi ana nafasi ya kusikiliza. Aulize kwa upole: «Mama, nyama hii mmeilaza katika kitunguu? Mmetia kidonge?» Achague vyakula ambavyo havikuanza katika chungu cha mchuzi: samaki wa kuchoma kwa chumvi na ndimu, sambaza waliokaangwa pasipo unga wa ngano, mayai, viazi vya kukaanga, wali mweupe, kuku wa makaa asiyelazwa katika viungo. Mchuzi uletwe katika bakuli ya peke yake. Atauonja au atauacha. Wala asifike na njaa ya tangu asubuhi, maana mwenye njaa kubwa hachagui vema.

Tena asiogope kupita kiasi. Hii si sumu, wala si ugonjwa wa wale ambao punje moja ya karanga yaweza kuwaziba koo. Akila kitunguu kidogo bila kujua, ataumwa, na maumivu yatapita; matumbo yake hayakuharibika. Mtu akilijua hilo, hukaa mezani akicheka na wenzake, wala hapekui kila tonge kama mpelelezi.

Nanyi wenye nyumba, tuna neno kwenu. Desturi yetu ya kumwambia mgeni «Ule, ule, ongeza!» ni nzuri, lakini isiwe kamba ya kumfunga. Mgeni akisema «inatosha», tumwamini. Tusimwulize kwa sauti mbele ya watu ana ugonjwa gani. Na kama ametuarifu mapema, ni kazi gani kutenga kipande kimoja cha nyama kabla ya kutia vitunguu?

Kabla ya kumaliza, twaweka maonyo matatu. La kwanza: asianze mtu kula hivi kabla ya kupimwa. Damu katika choo, homa, kukonda bila sababu, au tumbo lililobadilika ghafula kwa mtu wa makamo, ni dalili za magonjwa mengine, nayo hutaka mganga upesi. Kama wahenga walivyosema, mficha maradhi, kifo humwumbua. La pili: njia hii si ya maisha yote. Mtu huacha vyakula vile kwa majuma 2 hadi 6 tu. Akipata nafuu, huvirudisha kimoja kimoja, kidogo kidogo, akitazama ni kipi kinachomwudhi na kwa kipimo gani. Mwisho hujua chakula chake. Pengine ni kitunguu tu, naye aweza kurudia maziwa na maembe. Kama majuma hayo yakipita bila nafuu yo yote, arudie desturi yake ya kula na amwone mganga tena. La tatu: maharage ndiyo nyama ya nyumba nyingi kwetu, tena hulisha vijidudu vyema vya matumbo. Asiyaondoe mtu bila kuweka samaki, yai au karanga mahali pake. Wala watoto na wenye mimba wasiingizwe katika njia hii pasipo shauri la mganga.

Na yule jirani yetu? Alipokwisha kufahamu ugonjwa wake, alikwenda kwa rafiki yake siku moja jioni, akamweleza yote, tangu tumbo hata haya. Yule rafiki alikaa kimya kidogo, kisha akasema: «Miaka miwili nimejiuliza nilikukosea nini!» Wakalia, kisha wakacheka. Sasa, akipika samaki, humtoa kipande chake kwanza, ndipo hutia vitunguu kwa wengine. Nasi tumekula pamoja nao. Samaki yule wa chumvi na ndimu alitupendeza kuliko yule wa mchuzi.

Basi, wasomaji, yawezekana katika jamaa yenu yuko mtu ambaye amekoma kuja karamuni, nanyi mwasema ana kiburi au ana mashaka. Msimhukumu. Mwendeeni faraghani, mkamwulize kwa upole: «Tukupikie nini?»