Julai Mosi Iwe Siku ya Demokrasia



Kalenda yetu ina Muungano, Mapinduzi, Nane Nane na Saba Saba. Hiyo Saba Saba ilianza kama siku ya kuzaliwa TANU, mwaka 1954. Leo watu wanaijua kwa maonesho ya biashara. Lakini tarehe 1 Julai 1992, siku mfumo wa vyama vingi uliporudi rasmi, inapita kimya kila mwaka. Mimi nasema iwe Siku ya Demokrasia, kitaifa.

Wapo wanaodai vyama vingi ni zawadi ya wakubwa. Hapana. Tume ya Jaji Nyalali ilipokusanya maoni mwaka 1991, kama asilimia 20 tu ndio walitaka vyama vingi, na bado tume ikapendekeza mfumo ubadilike. Wachache walisema wazi, wakasikilizwa. Hilo peke yake linastahili siku.

Sisi wa Kasulu na Kibondo faida yake tumeiona. Zamani za chama kimoja ulichagua kati ya wagombea wawili wa chama hichohicho. Mwaka 2010 Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe zote zilipeleka bungeni wabunge wa NCCR-Mageuzi. Na hasara ya kuikosa demokrasia tumeiona pia. Burundi ilipovurugika mwaka 2015 kwa sababu ya muhula wa tatu wa Nkurunziza, waliokimbia walikuja kwetu. Nyarugusu ikafurika, Nduta ikafunguliwa upya.

Najua mtaniuliza: tusherehekee nini, wakati mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 mpaka Januari 2023? Swali zito. Ndiyo maana sitaki siku ya gwaride na hotuba ndefu za wageni rasmi. Hiyo wataiteka mapema tu, na sisi tutabaki kupiga makofi.

Nataka siku ya kupimana. Julai Mosi ndipo mwaka mpya wa fedha wa serikali unapoanza, na sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae kila miezi mitatu. Basi siku hiyo kila kijiji kikae. Mapato na matumizi yasomwe hadharani, mwananchi aulize bila kuitwa mchochezi, na chama chochote kifanye mkutano wake bila kusumbuliwa. Pale itakaposhindikana, nchi nzima itajua ni wapi.

Tusisubiri Bunge litutangazie. Ikifika Juni, vijana wa kila tawi wamwandikie mwenyekiti wa kijiji au mtaa barua ya kuomba mkutano wa Julai Mosi, wabaki na nakala iliyogongwa muhuri. Akikubali, nendeni na maswali yenu yameandikwa. Akikataa, ile nakala ndiyo tutaanza nayo kudai siku hii.