Ngome Haitolewi kwa Ahadi



Mwaka 2025, katika mazungumzo ya kumaliza vita, Urusi ilidai Ukraine iondoe maaskari wake katika sehemu ya Donetsk iliyokuwa ingali mikononi mwake. Wengi waliuliza: kwa nini isikubali? Kipande cha udongo kina faida gani kupita uzima wa watu? Swali hili si la kuchekwa, maana watu walikuwa wakifa kila siku. Lakini tuangalie kwanza kipande hicho ni cha namna gani.

Kule kuna miji minne yenye kufuatana, Slovyansk, Kramatorsk, Druzhkivka na Kostyantynivka, urefu wa kilometa 50 hivi. Donetsk ni inchi ya makaa ya mawe na viwanda, inchi ya watu wa kazi kama sisi. Tangu mwaka 2014 Ukraine ilichimba mahandaki na kujenga ngome pale. Nyuma yake, upande wa magharibi, ni mbuga wazi. Basi mwenye kudai miji ile anadai mlango wa nyumba.

Ninyi watu wa shimo mnajua jambo hili. Tunaacha nguzo za mawe zishike dari. Mtu akikuambia: «Ondoa nguzo, dari imetulia,» utamjibu kwamba dari imetulia kwa sababu ya nguzo.

Ulaya ilikwisha kuona hayo. Tarehe 30 Septemba 1938, kule Munich, Uingereza, Ufaransa, Italia na Ujerumani zilitia sahihi kwamba Czechoslovakia itoe Sudeten kwa Hitler. Wenye inchi hawakupewa kiti mezani. Ngome zao nyingi za mpakani zilikuwa huko huko Sudeten. Waliahidiwa kwamba mipaka mipya italindwa. Tarehe 15 Machi 1939 maaskari wa Hitler waliingia Prague. Aliyeahidi kuwalinda hakuja.

Sisemi kwamba mpaka haubadiliki kamwe katika mapatano. Lakini ngome ikitolewa leo, hairudishwi kesho kwa barua. Kwa hiyo anayemshauri jirani atoe ngome yake, amwonyeshe kwanza kitu kitakachosimama mahali pake, nacho kiwe kimekwisha kusimama. Bila hivyo mwenye nguvu anapata nafasi ya kupumzika, halafu vita inarudi mahali pasipo na ukuta.

Karani wa Shimo