Rogue One: Vader Mnamkumbuka Wote, Aliyepitisha Diski Je?

Ukiingia mtandaoni ukatafuta Rogue One, klipu inayokukimbilia mapema ni ile ya korido. Giza, sauti ya mtu anapumua kwa shida, kisha upanga mwekundu unawaka na Darth Vader anaanza kufyeka waasi kama majani. Mashabiki wanaapa hakuna dakika tamu kuzidi hizo kwenye Star Wars nzima. Na kiukweli ni tamu. Shida ni kwamba wengi wanakodolea macho upande mmoja tu wa korido.

Upande wa pili kuna mlango umekwama. Waasi wamebanwa pale, watu ambao muvi haijawatambulisha hata kwa jina, na mmoja wao ameshika diski yenye ramani za Death Star, ile silaha kubwa kama mwezi inayoweza kulipua sayari. Anajua hatoki hai. Anachofanya ni kupenyeza mkono kwenye upenyo na kumsihi mwenzake wa ng'ambo aichukue akimbie nayo. Mwenzake anaichukua, anakimbia. Muvi nzima ipo kwenye upenyo ule, wala si kwenye upanga.

Rogue One ilitoka Desemba 2016 chini ya mwongozaji Gareth Edwards, na stori yake inaishia pale pale inapoanzia Star Wars ya kwanza ya mwaka 1977. Ile ya kwanza inafunguliwa na maandishi ya njano yanayopanda juu, na humo wapelelezi walioiba ramani wanatajwa harakaharaka, basi. Ikapita karibu miaka 40 kabla sinema haijarudi kuwaangalia ni akina nani.

Sasa, muvi zinazorudi nyuma kusimulia yaliyotangulia zina ugonjwa wao. Mwisho unajulikana, hivyo waandishi wanajaza nafasi kwa kueleza vitu ambavyo hakuna aliyeviuliza. Mfano mzuri ni Solo ya mwaka 2018. Humo utaambiwa Han alikutana vipi na Chewbacca, alimshindaje Lando hadi akapata chombo chake, mpaka jina la Solo lilitoka wapi (ofisa wa kuandikisha askari alimpachika tu, ndiyo, hivyo hivyo). Unatoka ukiwa na majibu mengi na huna hata moja la kukukosesha usingizi.

Rogue One nayo inajibu swali, ila imechagua swali lenye uzito. Kwa miaka mingi watu walicheka kwamba Himaya yenye akili zote hizo ilijenga silaha ya kutisha halafu ikaacha tundu la mita mbili ambalo rubani mmoja akilenga vizuri kila kitu kinalipuka. Uzembe gani huo? Muvi inasema haukuwa uzembe. Mhandisi Galen Erso alilazimishwa kuijenga, mkewe ameuawa, binti yake amepotea, naye akaamua kupanda udhaifu ndani kwa makusudi, kimya kimya, huku akila meza moja na mabosi wake. Kwa hiyo utani wa miaka yote umegeuka kuwa kisasi cha baba. Ukiirudia ile ya 1977 baada ya hapo, hucheki tena.

Haina maana muvi haina mapengo. Nusu ya kwanza inaruka sayari hadi sayari mpaka kichwa kinauma, na maandishi ya majina ya sehemu yanakuja kabla hujazoea ya nyuma. Jyn Erso, anayechezwa na Felicity Jones, anatoka kwenye kutojali chochote hadi kuhutubia viongozi wa waasi kuhusu matumaini, na hapo katikati kuna hatua zimerukwa. Forest Whitaker, yule aliyebeba Oscar kwa kumwigiza Idi Amin kwenye The Last King of Scotland, amepewa Saw Gerrera, mpiganaji mzee aliyechoka mwili na akili, halafu anaondolewa kabla hajakolea. Na lile dude lenye mikono kama ya pweza linalosemekana linaharibu akili za watu? Bodhi anatoka kwake amechanganyikiwa, anatajiwa jina la Galen Erso, anazinduka. Dah.

Ila kosa kubwa zaidi ni uso wa Tarkin. Peter Cushing alifariki mwaka 1994. Miaka 22 baadaye amerudishwa kwa kompyuta juu ya mwigizaji mwingine, Guy Henry, na si kwa sekunde mbili za salamu. Anaongea, anagombana, anatoa amri. Ruhusa ya wasimamizi wa mali zake ilipatikana, sawa. Lakini mwenye uso hakuulizwa, na macho yale hayana mtu ndani. Inauma kwa sababu muvi inayoheshimu wafu wake wa kubuni kiasi hiki imemkopa marehemu wa kweli ili tu shabiki apate kusema "namjua huyu". Bora wangemvalisha Henry magwanda na kumwacha aigize kwa uso wake.

Kinachoiokoa ni Scarif. Ufukwe mweupe, minazi, maji ya bluu (sehemu yake walipiga Maldives kweli), na kundi zima linakwisha pale, mmoja baada ya mwingine. Roboti K-2SO anafunga mlango akiwa upande usiofaa. Bodhi anaunganisha mawasiliano, guruneti linaingia. Hakuna anayeokolewa dakika ya mwisho, na hakuna anayejua kama kazi yake imefika. Jyn na Cassian wanakaa mchangani wamekumbatiana, na hawaambiwi. Mtazamaji ndiye pekee anayejua.

Siku hizi uzito umeongezeka kwa sababu ya Andor, tamthilia ya misimu miwili iliyoanza 2022 na kumalizika 2025, inayomfuata Cassian kabla ya haya yote. Ukipata wikiendi, imalize, weka Rogue One, halafu usiku huohuo weka ile ya 1977. Dakika za mwanzo kabisa waasi wanasimama kwenye korido nyeupe wamelenga mlango, wanasubiri utobolewe. Miaka yote walikuwa watu wa kupigwa risasi ili Vader apate pa kuingilia. Safari hii angalia nyuso zao.